GPS ya mkononi kwa wapanda milima: ununue ipi, na kwa nini ramani inakupeleka mita 300 pembeni

Swali la msomaji: "Tuko watu wanane hapa Morogoro. Wikiendi tunapanda Uluguru, na mwezi wa tisa tunataka kulala siku tatu Udzungwa. Mpaka sasa tunatumia simu, lakini chaji inaisha, na msituni kile kidoti cha bluu kinarukaruka. Dada yangu anakuja kutoka Marekani na yuko tayari kutumia dola 250 kuninunulia GPS ya mkononi. Nimwagize ipi? Au nitafute ya mtumba yenye uwezo mkubwa zaidi? La pili: tuliazima GPS ya zamani, Garmin eTrex, tukaingiza kodineti za chanzo cha maji kutoka kwenye ramani ya karatasi ya 1:50,000. Ikatupandisha kwenye mgongo wa mlima, kama mita mia tatu kaskazini ya chanzo chenyewe. Kifaa ni kibovu, au satelaiti ndizo zilizokosea?"

Nianze na hilo la pili, maana ukinunua kifaa kipya bila kulijua, nacho kitakupeleka kwenye mgongo uleule wa mlima.

Kifaa mlichoazima ni kizima, na satelaiti hazikukosea. Mtu akiniambia yuko Tanzania, ana ramani ya karatasi, na amepelekwa mita mia tatu kaskazini, sihitaji kuuliza swali lingine: ni datamu, yaani msingi ambao kodineti zinaanzia kupimwa. Ramani zetu za 1:50,000, zile za mfululizo wa Y742, zilichorwa kwa datamu iitwayo Arc 1960, inayotumia umbo la dunia la Clarke 1880. GPS inahesabu kwa datamu ya WGS84. Chukulia mafundi wawili wanapima kiwanja kimoja kwa futi zilezile, ila kila mmoja ameanzia kigingi chake. Namba za kila fundi ni sahihi kwake. Balaa linaanza pale unapochukua namba za huyu ukamsomea yule.

Kwa eneo la Morogoro tofauti hiyo inahesabika. Sehemu ambayo kwenye gridi ya ramani inasomeka 352000 mashariki na 9246000 kaskazini, kwenye GPS iliyowekwa WGS84 itasomeka karibu 352095 na 9245700. Namba ya kaskazini inapungua kama mita 300, ya mashariki inaongezeka kama mita 95. Kwa hiyo ukichukua namba za ramani ukaziingiza kama zilivyo, GPS itakupeleka mita 300 kaskazini na kidogo magharibi ya unapotaka. Ndicho kilichowapata. Kwenye ramani yenyewe mita 300 ni milimita sita tu, lakini kwenye mteremko wa Uluguru ni korongo jingine kabisa.

Dawa yake ni ya dakika moja. Tazama pembezoni mwa ramani, kwenye maelezo ya chini, utaona datamu imetajwa: "Arc 1960" au "New (1960) Arc". Kisha kwenye kifaa fungua menyu kuu, ingia "Setup", halafu "Position Format". Mstari wa kwanza chagua UTM UPS, yaani gridi ya mita za mashariki na kaskazini kama ya ramani yako. Mstari wa "Map Datum" shuka mpaka uone Arc 1960, uchague. Umbo la Clarke litajiweka lenyewe. Ingiza sasa namba za ramani yako, upya. Neno upya lina maana yake hapa: kifaa huhifadhi kila pointi ndani kwa WGS84, na datamu unayochagua ni ya kuonyesha na kuingizia tu. Pointi uliyoichukua ukiwa umesimama mahali haiharibiki ukibadilisha datamu. Lakini ile mliyoingiza kwa mkono vibaya itabaki pale ilipo, mgongoni, hata ukibadilisha datamu mara kumi. Ifute.

Mtego upo upande wa pili pia. Ukiwa umekiacha kifaa kwenye Arc 1960, rafiki akakutumia eneo kwa WhatsApp au akalisoma kwenye ramani ya mtandaoni, hizo ni WGS84. Ukiziingiza utapotea kuelekea kusini safari hii. Na ukipiga simu kuomba msaada, toa namba za WGS84 na useme wazi kuwa ni WGS84. Mafaili ya GPX, yale ya kutumiana pointi na njia zilizorekodiwa, hayana shida hii, siku zote yako kwenye WGS84 na kifaa kinajua, kwa hiyo njia bora kati ya watu wawili ni kutumiana faili badala ya kusomeana namba.

Kuna herufi moja nayo imepoteza watu wengi. Morogoro iko zoni ya 37 ya UTM, na kwa kuwa tuko kusini ya ikweta programu nyingi za kompyuta zinaandika 37S. Garmin haitumii herufi hiyo kwa maana ya kusini. Inatumia herufi za ukanda wa latitudo, na kutoka ikweta mpaka nyuzi 8 kusini herufi ni M. Kwenye kifaa chako lazima isomeke 37 M. Ukiandika 37 S umejipeleka kati ya nyuzi 32 na 40 kaskazini, huko Syria na mashariki ya Uturuki, na kifaa kitakwambia bila haya yoyote kwamba chanzo cha maji kiko kilomita elfu kadhaa mbele. Hilo angalau linaonekana haraka. Linalojificha ni mpaka wa zoni: longitudo 36 mashariki ndiyo inayotenganisha zoni ya 36 na ya 37, na inapita katikati ya nchi. Morogoro na Arusha ziko 37, Dodoma na Iringa ziko 36. Udzungwa mkiingilia Mang'ula bado mko 37, lakini ramani za upande wa Iringa mjini ni za 36, kwa hiyo soma zoni kwenye kila karatasi.

Ukipewa namba za nyuzi badala ya UTM, uliza zimeandikwaje. Kuna mitindo mitatu: nyuzi zenye desimali (6.84167), nyuzi na dakika zenye desimali (6 50.500), na nyuzi, dakika, sekunde (6 50 30). Hizo tatu ni sehemu moja. Ukisoma "6 50.50" kama dakika 50 na sekunde 50 umekosea zaidi ya mita 600 kidogo. Ukiisoma kama 6.505 umekosea kilomita 37. Kwa mtindo wa desimali, tarakimu tano baada ya nukta zinatosha kabisa, ya tano ni kama mita moja. Anayekutumia tarakimu nane anakili tu alichokiona kwenye kioo, usidhani amepima kwa usahihi wa nywele.

Basi tuje kwenye kununua.

Watu wengi wanatafuta GPS ya mkononi wakiamini wananunua usahihi. Kwa bei yako, usahihi huo haupo wa kununua. Simu nzuri ya miaka ya karibuni yenye masafa mawili, yaani inayosikiliza L1 na L5, ndani ya korongo inaweza kuishinda eTrex ya dola 200. Unachokinunua ni vitu vingine: betri zinazobadilishwa kwa sekunde kumi, vitufe vinavyobonyezeka kwa kidole chenye matope, kioo kinachosomeka juani bila taa, na mwili unaoanguka kwenye jiwe ukaokotwa. Alama ya IPX7 maana yake kinastahimili maji ya kina cha mita moja kwa dakika 30. Mengi ya hayo simu haina, na ndiyo yanayokukwaza wewe. Kwa hiyo nunua, lakini ujue unanunua nini.

Kwa dola 250 chaguo langu ni Garmin eTrex 22x. Ilitoka mwaka 2019 kwa bei ya dola 200 Marekani. Ina kioo cha rangi cha inchi 2.2, gigabaiti 8 za ndani, nafasi ya memori kadi, inasikiliza GPS na GLONASS (satelaiti za Urusi), na inatumia betri mbili za AA ambazo mtengenezaji anasema zinakwenda saa 25. Kioo ni kidogo na hakiguswi, unaendesha kwa kijiti cha dole gumba. Waliozoea simu hulalamika siku ya kwanza, halafu mvua ikinyesha wanaacha kulalamika.

Upungufu wake mkubwa ujue mapema: haina dira ya umeme. Ukisimama, mshale unaoonyesha uelekeo hauna maana, kwa sababu kifaa kinajua unaelekea wapi kwa kulinganisha ulipokuwa na ulipo sasa. Makosa mengi ya kwenye njia panda yanatokea hapa: mtu anasimama, anageuka na kifaa mkononi, mshale unabaki ulipo au unazunguka ovyo, anaufuata. Tembea hatua ishirini kwa mstari ulionyooka kwanza, mshale utatulia. Ndugu yake, eTrex 32x, ina dira ya umeme na barometa, na ilitoka kwa dola 300. Dada akiikuta imeshushwa bei ndani ya bajeti, achukue hiyo bila kuuliza.

Atakayekwambia uchukue eTrex SE, iliyotoka mwaka 2023 kwa dola 150, hajakosea sana. Ina dira ya umeme, na betri mbili zinakwenda mpaka saa 168. Lakini haina ramani ndani, kioo ni cheusi na cheupe, unaona nukta na mstari tu, na ramani unaitazama kwenye simu. Kwa mtu anayetembea na ramani ya karatasi na kuijua, ni kifaa kizuri mno. Kwa kundi la watu wanane ambao simu zao ndizo zinazokufa, naona inarudisha tatizo mlangoni. GPSMAP 65s yenye masafa mawili ndiyo ingefaa zaidi makorongo ya Udzungwa, ila iko juu ya fedha yako.

Mtumba? Inawezekana, na GPSMAP 64s iliyotunzwa inaweza kuwa bora kuliko 22x mpya, kwa sababu antena yake ni ile ndefu ya kujisokota inayojitokeza kichwani, na inashika vizuri chini ya miti. Lakini usilipe kabla hujafanya haya. Fungua mfuniko wa betri utazame vibati vya mguso: ukiona ukungu wa kijani au unga mweupe, betri iliwahi kuvujia humo. Ukungu kidogo unasafishika kwa pamba yenye tone la limau, halafu spiriti, kisha kukausha. Bati lililolika halirudi. Bonyeza kila kitufe mara kumi. Mpira wa pembeni usiwe umelegea au unanata, maana maji huingia hapo na IPX7 imekwisha. Chomeka kwenye kompyuta uone kama kinafunguka kama flashi; tundu la USB ndilo linalokufa kwanza. Mwisho toka nje, uwanjani, subiri kipate satelaiti, utazame tarehe.

Tarehe kwa nini? GPS inahesabu wiki mpaka 1,024, kisha inarudi sifuri. Ilijirudi tarehe 6 Aprili 2019, na vifaa vya zamani ambavyo programu yake ya ndani haikusasishwa vinaonyesha mwaka wa nyuma kwa karibu miaka ishirini. Mahali kwa kawaida kinaonyesha sawa, lakini traki zako zote, yaani njia ulizorekodi ukitembea, zitakuwa na tarehe za uongo, na saa za jua kuchwa vilevile. Ni sababu nzuri ya kushusha bei, au ya kuondoka.

Kifaa kilichosafiri kutoka Marekani, au kilicholala kabatini miezi, kikiwashwa mara ya kwanza kinaweza kuchukua muda mrefu kupata mahali. Usikirudishe kwenye boksi ukidhani ni kibovu. Kinatafuta orodha ya satelaiti zote, na orodha hiyo inatumwa kutoka angani kwa muda wa dakika 12 na nusu. Kiweke juu ya paa la gari au ukuta, mahali pa wazi, dakika ishirini, usitembee nacho. Baada ya hapo kitakuwa kinashika chini ya dakika moja. Hii ndiyo sababu simu zenu zinasumbua msituni: mjini zinapewa orodha hiyo kupitia intaneti, na mtandao ukikatika zinalazimika kuipokea kutoka juu, kupitia majani. Washeni simu na zishike mahali kabla hamjaacha mji, kisha ziwekeni kwenye hali ya ndege. GPS ya simu inaendelea kufanya kazi, na chaji haiishi kwa kutafuta minara. Ondoeni pia hali ya kubana chaji kwa programu ya ramani, la sivyo simu inaizima kimyakimya kioo kikilala.

Ramani ya ndani ya 22x inayokuja kutoka Marekani haitakufaa Uluguru. Pakua ramani ya Tanzania ya OpenStreetMap iliyotengenezwa kwa Garmin, yenye kontua. Itakuja kama faili lenye mwisho wa .img. Nunua memori kadi isiyozidi gigabaiti 32, iumbizwe FAT32, tengeneza folda iitwayo Garmin, weka faili humo. Kadi inakaa chini ya betri. Washa, nenda kwenye uteuzi wa ramani, zima zilizobaki uache hii moja, vinginevyo ramani ya dunia ya kiwandani inafunika mistari yako. Njia za miguu za Uluguru kwenye OpenStreetMap zimechorwa na watu waliopita, kwa hiyo zile maarufu, kama za Morningside na Lupanga, utazikuta, na zile za wakulima utazikuta nusunusu. Mstari usipoonekana kwenye kioo haimaanishi njia haipo, na ukionekana haimaanishi haijafunikwa na vichaka.

Betri ni jambo dogo linaloharibu safari kubwa. Za AA zinafanana umbo, hazifanani kazi, na herufi ndogo zilizoandikwa pembeni ndizo zinazosema ukweli. R6 ni betri za kawaida za redio na tochi, zile za bei ya chini dukani. Kwenye GPS zinaweza kukata ndani ya saa chache, tena ghafla. LR6 ni alkalaini, hizo zinafaa. HR6 ni za kuchaji, na FR6 ni lithiamu, nyepesi na zisizojali baridi. Nunua HR6 nne za mAh 2,000 za aina isiyovuja chaji ikikaa, na pea moja ya LR6 au FR6 ya akiba ibaki kwenye pakiti yake. Kisha weka aina ya betri kwenye mpangilio wa kifaa. Betri ya kuchaji ina volti 1.2, alkalaini ina 1.5, na kifaa kinakadiria kilichobaki kwa kutazama volti. Ukiweka za kuchaji na mpangilio ukabaki alkalaini, kitakuonya betri imeisha wakati bado ina nusu.

Hesabu ya Udzungwa: siku tatu, saa tisa kila siku, ni saa 27. Saa 25 za mtengenezaji ni za taa ya kioo ikiwa imezimwa na vidole vimetulia. Katika matumizi halisi chukulia 18. Pea mbili zinawafikisha, ya tatu ni ya mtu akivunjika mguu.

Traki ndiyo kazi yenyewe ya kifaa hiki, kuliko hata ramani. Kabla ya kuondoka futa traki iliyopo, uhakikishe kurekodi kumewashwa. 22x inashika pointi 10,000 kwenye traki moja. Ukirekodi kila sekunde moja zinajaa kwa saa mbili na dakika arobaini na saba. Ukirekodi kila sekunde kumi zinafika karibu saa 28, na kwa mwendo wa kilomita mbili kwa saa msituni hiyo ni pointi moja kila mita tano au sita, inatosha kabisa. Kurudi, chagua traki ya leo na uambie kifaa kikurudishe kwa njia hiyohiyo. Ufuate mstari, lakini usijaribu kuukanyaga. Mstari una upana wa kosa la kwenda na kosa la kurudi, mita kumi na tano kwa jumla chini ya miti si ajabu, na waliojaribu kukanyaga mstari wenyewe wameacha njia inayoonekana kwa macho wakaingia kwenye upupu.

Kile kidoti kinachorukaruka hakitaisha hata ukinunua kifaa cha gharama. Majani mabichi yenye maji yanapunguza ishara, na ukuta wa korongo unairudisha kama mwangwi, kifaa kikadhani satelaiti iko mbali zaidi ya ilipo. Unachoweza ni kukisaidia. Usikiweke mfukoni wala kifuani, mwili wako ni maji nao unaziba nusu ya mbingu. Kifunge juu ya mkanda wa begi, begani, kioo kikitazama juu. Antena ya eTrex ni bapa, inataka kulala. Ile ndefu ya GPSMAP inataka kusimama wima. Mkipumzika simamisha kurekodi, la sivyo kifaa kitaendelea kuhesabu kurukaruka kwake kama hatua zenu. Ndiyo sababu mtu anasema ametembea kilomita kumi na tisa kwenye njia ya kumi na sita.

Mahali ambapo lazima papatikane tena, kama chanzo chenu cha maji, tumia kupima kwa wastani: kifaa kinasoma mara nyingi kisha kinatoa wastani. Kiache mpaka mstari wa uhakika ujae. Ukitaka kizuri zaidi, rudia baada ya saa moja na nusu, satelaiti zikiwa zimebadilisha mkao. Ile "3 m" unayoiona pembeni ya kioo isikupumbaze. Ni makadirio ya kifaa chenyewe, na sehemu ya wakati uko nje ya duara hilo.

Ukibahatika kupata 32x, kuna jambo la barometa ambalo vitabu vya Ulaya havilisisitizi. Kipimo cha mwinuko kinategemea mgandamizo wa hewa, na hektopaskali moja ni kama mita nane. Nchi za joto kama yetu mgandamizo unapanda na kushuka wenyewe kila siku, hata kusiwe na wingu: unafika kilele kama saa nne asubuhi na kushuka chini kabisa kama saa kumi alasiri, tofauti ya hektopaskali tatu hivi. Kwa hiyo hema lililosimama palepale litaonekana limepanda mita ishirini na zaidi mchana. Kisahihishe kila unapopita mahali unapojua urefu wake kwenye ramani, na tazama kontua za ramani hiyo kama ni za mita au futi, kwa sababu baadhi ya matoleo ya zamani ni ya futi.

Dira ya mkono mnaihitaji hata mkiwa na hiyo yenye dira ya umeme, na hapa mwambie dada kitu kimoja cha zaidi. Dira nyingi zinazouzwa Marekani zimesawazishwa kwa kaskazini ya dunia. Sindano ya dira haivutwi kaskazini tu, inavutwa pia kuinama: huko ncha ya kaskazini inazama chini, kwa hiyo watengenezaji wanaweka uzito upande wa pili. Ukiileta Tanzania, ambako ncha ya kusini ndiyo inayozama, uzito na mvuto vinakwenda upande mmoja, sindano inagusa kitako cha kasha na kukwama, na inasoma uongo bila dalili ya kuharibika. Aulizie dira yenye sindano ya dunia nzima, au iliyosawazishwa kwa ukanda wetu. Ikifika, ishike bapa kiganjani mbali na simu na GPS, zungusha taratibu mzunguko mzima: sindano ielee bila kugusa juu wala chini.